Tamthilia za mapenzi ya wanafunzi na mimba: mtoto wa miaka 13 aangalie au tumzimie?

#1 Sato_wa_Kirumba
Wakuu, habari za jioni.

Hoja yangu ni fupi. Tamthilia za wanafunzi wanaopendana, wanalala pamoja, binti anapata mimba, hazimfai mtoto wa chini ya miaka 16 hata kama zimebandikwa "fundisho" mwishoni. Fundisho linakaa dakika kumi za sehemu ya mwisho, utamu umekaa miezi mitatu. Na msiniambie "walale mapema". Hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, nyumba nyingi za kupanga ni chumba na sebule, TV ipo pale pale watoto wanapotandika godoro. Unawafukuza waende wapi, wakapande mawe?

Wanaosema zinaelimisha walete ushahidi. Nawasilisha.

#2 ngosha_wa_Magu
Umetangaza vita na akina mama wa saa tatu usiku. Ngoja nitandike mkeka.

#3 Capripoint_Data
Sato, ushahidi upo na hauko upande wako. Mwaka 2009 MTV ya Marekani ilianza kurusha 16 and Pregnant, mabinti wenye mimba wakifuatwa na kamera mpaka wanajifungua na baada ya hapo. Wanauchumi Melissa Kearney na Phillip Levine walilinganisha maeneo yenye watazamaji wengi wa MTV na yenye wachache. Hesabu yao: kipindi kilipunguza uzazi wa mabinti kwa 5.7% ndani ya miezi 18. Na kilipokuwa hewani, watu walitafuta zaidi mtandaoni habari za kuzuia mimba. Binti akimwona mwenzake anabembeleza kichanga saa tisa usiku huku mwanaume hapokei simu, huyo hahitaji mhubiri.

#4 Mzee_wa_Takwimu
Rekebisha hapo #3. 5.7% ni ya rasimu ya 2014. Utafiti ulipochapishwa rasmi 2015 ikawa 4.3%. Halafu wakaja wengine watatu, Jaeger, Joyce na Kaestner, wakapekua data zile zile wakasema hesabu nzima ina ufa: maeneo yaliyopenda MTV na yasiyoipenda yalikuwa yanaachana kwenye uzazi wa mabinti hata kabla kipindi hakijaanza. Kama mistari miwili haikuwa sambamba tangu mwanzo, huwezi kuipa TV sifa ya kuitenganisha.

Pili, kile ni kipindi cha maisha halisi, hakuna mwandishi anayepanga nani ampende nani. Sato anaongelea tamthilia.

#5 Mama_Nyakato
Na upande wa pili msiufiche. Taasisi ya RAND, Marekani, 2008: walifuatilia vijana walioanza wakiwa na miaka 12 hadi 17. Waliokuwa wakiangalia sana vipindi vyenye ngono walikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kupata mimba, au kumpa mtu mimba, ndani ya miaka mitatu kuliko walioangalia kidogo. Sato, chukua huo.

#6 Mzee_wa_Takwimu
Chukua, lakini ushike kwa uangalifu dada. Kijana ambaye mwili umeshaanza kumwambia mambo ndiye anayetafuta vipindi hivyo. Sasa TV imemtuma au yeye ndiye aliyeifuata TV? Watafiti wale walichuja umri, elimu ya wazazi, maendeleo ya shule na mengine, ila hamu ya mtu haina mizani.

#7 Nesi_wa_Zamu
Mnabishana kama mtoto aangalie, mimi nauliza anaangalia nini. Tamthilia nyingi zina makosa ya kitabibu ambayo mtoto anayabeba kama somo. Orodha ya haraka:

Binti analala na mtu Ijumaa, Jumatatu anatapika. Hakuna. Kichefuchefu kwa kawaida huanza karibu wiki ya sita, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wapo ambao hawatapiki kabisa. Athari yake ni kwamba binti asiyetapika anajihakikishia yuko salama mpaka mwezi wa nne.

Kipimo cha mkojo kesho yake asubuhi. Hakioni kitu. Kinaanza kuaminika kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja na haikuja. Kwa binti ambaye mzunguko wake haujatulia, na miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo wengi wako hivyo, hesabu siku 21 tangu alipokutana na mwanaume, kisha pima. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukikiacha kipimo mezani ukaja kukisoma jioni unaweza kuona kimstari cha uongo.

"Siku za hatari" ni siku moja ya katikati. Mbegu zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, kwa hiyo hatari ni kama siku sita zinazoishia siku yai linapotoka. Na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayokuja*. Binti wa miaka 14 ataijuaje ijayo wakati iliyopita ilichelewa wiki mbili?

P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inaonyeshwa kama dawa ya kutoa mimba. P2 inachelewesha yai kutoka, basi. Levonorgestrel miligramu 1.5, haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Mimba ikishatunga haifanyi kitu.

Na kubwa kuliko zote: binti ama anafia leba ama anaolewa na muziki unapigwa. Anayebaki hai na fistula haonekani kabisa. Nyonga ya binti mdogo haijamaliza kupanuka, kichwa cha mtoto kinakwama, uchungu pingamizi unakwenda siku nzima au mbili, nyama kati ya kibofu na uke inakosa damu na kutoboka, mkojo unavuja bila kukoma. Hospitali ya Bugando wanafanya upasuaji wa kurekebisha. Hiyo ndiyo sehemu ningetaka mtoto wa miaka 13 aione, na hakuna anayeiandika.

#8 ngosha_wa_Magu
Nesi amekuja na faili zima. Wabeja sana (asante sana, kwa Kisukuma).

#9 Kalamu_ya_Ziwa
Dada nesi, haiandikwi kwa sababu haina sehemu inayofuata. Tamthilia inauzwa kwa "kesho itakuwaje". Fistula inataka sehemu nne za mtu kukaa pembeni ya wenzake akinuka. Mtangazaji anakuuliza matangazo ya sabuni ayaweke wapi.

Lakini kuna ufundi wa kuandika tamthilia ya kuelimisha, na una mifupa inayojulikana. Miguel Sabido, Mexico, miaka ya 1970, ndiye aliyeupanga. Unakuwa na wahusika wa aina tatu: anayefanya vizuri tangu mwanzo, anayefanya vibaya na kuumbuka, na wa kati anayeyumba. Mtazamaji hajifunzi kwa mwema, maana mwema anaboa. Hajifunzi kwa mbaya, maana anajiambia "mimi si kama yule". Anajifunza kwa wa kati, anapoona anavyoanguka na *hatua kwa hatua* anavyoinuka.

Tanzania tunao mfano mkubwa: Twende na Wakati, redio, Radio Tanzania, kuanzia 1993. Yule dereva wa lori Mkwaju alikuwa mbaya wa makusudi. Na walipima vizuri: eneo la kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo mpaka 1995, likawa la kulinganishia. Waliosikiliza walisogea zaidi kwenye uzazi wa mpango kuliko Dodoma.

Tamthilia nyingi za sasa zina mbaya na malaika tu. Wa kati hayupo. Ukitaka kujua kama inafaa, chukua daftari, angalia sehemu nne, chora safu tatu: dakika za mapenzi kabla ya tatizo, dakika za tatizo, dakika za mtu kuchukua hatua inayoweza kuigwa (kwenda zahanati, kumwambia shangazi, kukataa zawadi). Safu ya tatu ikiwa na sifuri kwenye sehemu zote nne, Sato yuko sahihi kwa tamthilia *hiyo*.

#10 Sato_wa_Kirumba
Kalamu, nakubali daftari. Sikubali mfano. Twende na Wakati ilisikilizwa na watu wazima wenye ndoa zao. Mimi nina mtoto wa darasa la saba mbele ya macho.

#11 Capripoint_Data
Basi chukua Shuga, tamthilia ya MTV ya vijana wa Afrika. Ilianzia Nairobi 2009, vijana kabisa, ngono na VVU ndani. Baadaye msimu wa Naijeria ulipimwa kwa majaribio ya kupanga kwa bahati nasibu kusini-magharibi mwa Naijeria. Walioonyeshwa walikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kwenda kupima VVU, na klamidia (ugonjwa wa zinaa) kwa wanawake ilishuka kwa 58%.

#12 Mzee_wa_Takwimu
Umri wa walioonyeshwa? Miaka 18 hadi 25. Tunarudi pale pale kwa Sato. Na matumizi ya kondomu hayakupanda, kwa hiyo hata pale kilichobadilika kinahitaji maelezo mengine. Pengine walipunguza wapenzi.

#13 Mwl_Kayenze
Mnakwenda Marekani na Naijeria na jibu liko Sengerema. Mradi wa MEMA kwa Vijana, wa NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) ya hapa Mwanza, shirika la afya AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Jamii 20 za Sengerema, Geita (wakati huo bado ni wilaya ya Mwanza), Misungwi na Kwimba. Kumi zikapewa mradi, kumi hazikupewa. Darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi kwa masomo, igizo na hadithi, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa kupokea vijana bila kuwafokea.

Matokeo: ujuzi ulipanda, waliyoyasema kwenye dodoso yakawa mazuri. Mimba hazikupungua. VVU havikupungua. Waliporudi kupima tena 2007 na 2008, bado.

Tafakarini hilo. Kama miaka mitatu ya mwalimu, igizo na zahanati kwa pamoja haikupunguza mimba, tamthilia ya saa moja jioni itapunguza? Na upande wa pili wa sarafu: kama yote hayo hayakuongeza ngono, hofu ya Sato inatoka wapi? Huenda tunaipa TV nguvu isiyo nayo, kwa kuiokoa na kwa kuiharibu.

#14 Mama_Nyakato
Mwalimu, hapo umegusa. Binti wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, haendi na mtu kwa sababu hajui, anakwenda kwa sababu ya nauli, sabuni, pedi na chipsi. Maarifa hayanunui pedi. Tamthilia ikionyesha mapenzi ya wanafunzi wawili wa kidato kimoja inapitia pembeni ya tatizo lenyewe, maana anayempa mimba mara nyingi ni mtu mzima: bodaboda, mwenye duka, mvuvi aliyetoka kuuza.

#15 Kalamu_ya_Ziwa
Kweli kabisa, na hilo nalo ni la soko. Wapenzi wawili wazuri wenye sare wanauza. Kibaba chenye duka hakiuzi.

#16 Wakili_Igogo
Niongeze la sheria, maana skripti nyingi zinafundisha uhalifu bila kujua.

Moja. "Wazee wamekaa, mwanaume amelipa faini, yameisha." Hayajaisha. Tangu SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kufanya ngono na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema alikubali, kifungo kisichopungua miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yakaweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayesaidia naye ana kosa lake. Wazazi waliokula hiyo faini wanaonyeshwa kama wapatanishi wenye busara!

Mbili. Binti kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu, lakini Mahakama Kuu ilitamka vifungu vya 13 na 17 kuwa kinyume na Katiba mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Tatu, na hii inaniudhi zaidi: mkuu wa shule anamfukuza binti, muziki wa huzuni, maisha yamekwisha. Novemba 2021 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi shule za mfumo rasmi. Tamthilia inayorushwa leo na kumwambia binti "shule basi" inatoa taarifa ya uongo inayoweza kumfanya asirudi kweli.

#17 kijana_wa_Buhongwa
Wakili msomi, na mvulana je? Kwenye TV akishakana mimba anahamia Dar, anarudi tajiri.

#18 Wakili_Igogo
Kisheria hahami. Sheria ya Mtoto ya 2009: mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA, sampuli zinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, akithibitika analipa matunzo hata kama hakuoa. Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii. Sijaona tamthilia hata moja ikimpeleka mhusika kwenye ofisi hiyo.

#19 fundi_kingamuzi
Wadau, wakati mnabishana mimi nawapa la kufanya usiku huu.

King'amuzi kinazuia kwa njia mbili: kwa daraja la umri au kwa kufunga chaneli nzima. Daraja linafanya kazi *ikiwa chaneli inatuma alama ya umri* pamoja na ratiba yake. Kitaalamu inatumwa namba ndogo, king'amuzi kinaongeza 3 kupata umri: ikitumwa 13 kinasoma miaka 16. Chaneli isiyotuma, king'amuzi hakioni cha kuzuia na tamthilia inapita kama taarifa ya habari. Ndiyo maana mtu anasema "niliweka umri wa miaka 13 na bado zinaonekana". Chaneli kama hiyo ifunge yenyewe.

Badilisha namba ya siri ya kiwandani. Kwenye DStv ni 1234, na watoto wote wa Nyamagana wanaijua.

Netflix: weka daraja la umri kwenye wasifu wa mtoto, funga wasifu wako kwa PIN, *kisha* washa sharti la PIN kwa kuongeza wasifu mpya. Wengi wanasahau hili la tatu. Mtoto anatengeneza wasifu mpya kwa sekunde ishirini, anaangalia, anaufuta.

YouTube: ile hali ya kuzuia inakaa kwenye kifaa husika. Kuiwasha kwenye TV hakugusi simu ya dada wa kazi.

Flash na memori kadi inayojazwa muvi stendi: hakuna PIN duniani.

#20 ngosha_wa_Magu
Fundi umesema wasifu unafutwa... kuna baba humu jasho limemtoka na hana mtoto.

#21 fundi_kingamuzi
😂 Bei ya ushauri wa wanandoa ni tofauti.

#22 Studio_Mkuyuni
Kuna jambo hamjaligusa: tamthilia za nje zinazoingizwa Kiswahili. Sauti inabadilishwa, picha inabaki. Mhariri akiona kitanda anakata. Lakini anakata picha ya tendo, anaacha busu la kabla na kulia kwa baada. Mtoto anapata hadithi ambayo mapenzi ni kushikana mikono kwenye mvua kisha ghafla mimba. Mara nyingine kwenye yale yaliyokatwa ndipo binti alipokuwa akisema "hapana", au ndipo walipozungumzia kinga. Kwa hiyo toleo "safi" linaweza kuwa baya zaidi kwa mtoto kuliko lisilokatwa, maana sababu imeondolewa na tokeo limebakizwa.

Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, ni balaa jingine. DJ anayetafsiri juu kwa juu anaweka utani wake pale binti anapolia, ukumbi mzima unacheka. Fundisho la mwandishi limekufa hapo hapo.

#23 Sato_wa_Kirumba
Studio umenipa silaha. Na ratiba je? Wakenya wana kanuni, maudhui ya watu wazima hayarushwi kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Uingereza mpaka wao ni saa 3 usiku. Hizo ni saa za usiku za kweli.

#24 Studio_Mkuyuni
Mpaka wa saa unavunjwa na marudio. Sehemu ya usiku ikifanya vizuri inarudiwa kesho yake mchana, halafu mwisho wa wiki zinaunganishwa zote tano mfululizo. Juni na Desemba shule zimefungwa, mchana ndio wakati wa watoto. Ukitaka kulalamika kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usiandike "tamthilia mbaya". Andika chaneli, tarehe, saa na dakika ya tukio, na utaje kama ilikuwa marudio. Malalamiko yasiyo na saa hayana pa kushikwa.

#25 Mwl_Kayenze
Mnazungumza kama mtoto huyo bila TV atakaa hajui. Kwa muhtasari tuliouzoea, mada ya uzazi kwenye Baiolojia ilikuja kidato cha tatu. Binti amevunja ungo miaka mitatu au minne kabla. Pengo hilo linajazwa na nani? Mimi naona akae aangalie na mkubwa pembeni, na mkubwa asihubiri. Aulize maswali matatu tu tangazo likiingia: huyu angeweza kufanya nini jana? Nani mtu mzima ambaye angemwambia? Ingekuwa huku kwetu angekwenda wapi? La tatu likikosa jibu, mtajie 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, na Dawati la Jinsia na Watoto lililoko polisi.

#26 Mama_Nyakato
Na mkubwa mwenyewe akiwa hajui jibu la kwanza? Wengi wetu tangazo likiingia tunajifanya tunakwenda kuangalia mboga.

#27 kijana_wa_Buhongwa
Au mkubwa mwenyewe ndiye yule kibaba mwenye duka.

#28 Capripoint_Data
Hapo mjadala umetoka kwenye TV kabisa.

#29 Kalamu_ya_Ziwa
Kabla haujatoka, dada nesi naomba msaada wa kazi. Nina tukio: binti wa miaka 15, mimba ya miezi miwili, anakwenda kliniki mara ya kwanza na shangazi yake. Nisiharibu wapi?

#30 Nesi_wa_Zamu
Usimwekee tumbo. Miezi miwili halionekani chini ya sare, na asihisi mtoto akicheza. Mimba ya kwanza hiyo ni wiki ya 18 hadi 20. Apimwe shinikizo la damu, uzito, damu kwa VVU, kaswende na wingi wa damu, mkojo kwa protini. Mkojo na shinikizo visikosekane, mabinti wadogo wana hatari kubwa ya kifafa cha mimba. Apewe vidonge vya madini chuma na foliki, kadi, na tarehe ya kurudi. Muuguzi amuulize akiwa peke yake kama alilazimishwa, shangazi asubiri nje. Na tafadhali, muuguzi asifoke. Kila tamthilia muuguzi anafoka, halafu mnashangaa mabinti wanakuja na uchungu ndio kliniki ya kwanza.

#31 Kalamu_ya_Ziwa
Nimechukua yote. Ila muuguzi wangu alikuwa afoke kidogo, mwigizaji nimeshampata.

#32 Nesi_wa_Zamu
Mpe awe mama mwenye nyumba.